Futari ya mtaa: tupike kwa kikoa, tuache kugawa msaada

Binti wa Kibokoni (mwenye uzi)

Assalamu alaikum ndugu zangu, na majirani zetu msiofunga hamjambo.

Uzi huu nauanzisha makusudi Rajabu haijaisha. Mambo ya futari ya mtaa yakingojewa mpaka mwezi uandame huwa ni mbio: michango inaitishwa usiku, sufuria hazijulikani ziko kwa nani, na mzigo unawaangukia wale wale wawili watatu kila mwaka. Ramadhani ya 2026 inaingia Februari, kaskazi ikiwa imeshika kasi, na joto la Mombasa mwezi huo mnalijua. Wakati wa kupanga tunao, basi tupange.

Langu ni moja. Nataka mitaa yetu ipike futari kwa kikoa, kila nyumba ilete ilicho nacho na kila nyumba ichote, badala ya mtindo huu wa watu fulani kutoa na watu fulani kupokea.

Wanaogawa vifurushi siwalaumu. Unga, mchele, sukari na mafuta vimeokoa nyumba nyingi hapa kisiwani na ng'ambo zote, Mola awalipe. Ila tazameni namna jambo lenyewe linavyofanyika. Gari linasimama mdomoni mwa kichochoro, watu wanapangwa foleni juani na saumu zao, mtu anakabidhiwa mfuko huku simu imeelekezwa usoni pake. Mtaani kwetu kuna mama mjane, mshonaji wa kofia. Tulipokuwa wadogo nyumba yake ndiyo tuliyoingia kama kwetu, na hutoki bila kitu mkononi, japo kipande cha mkate wa sinia. Mwaka mmoja picha yake ilizunguka kwenye makundi ya simu ya mji mzima, ameshika mfuko wa unga, jina la kikundi limeandikwa kwa juu. Mwaka uliofuata walipokuja hakutoka. Bintiye alisimama mlangoni akasema mama anashukuru lakini hana haja. Haja alikuwa nayo, sisi majirani tulijua.

Jambo hili limenikaa moyoni kwa sababu sivyo tulivyolelewa. Sisi tumekua na sahani za majirani. Alasiri ikishapita, mama anapakua: mbaazi kwa huyu, bakuli la uji wa pilipili manga kwa yule mgonjwa, kaimati kwa nyumba yenye watoto wengi. Mtoto anabebeshwa, sahani imefunikwa kawa, anaambiwa asikimbie, na akifika aseme, "Mama anawasalimu." Basi. Na sahani ile hairudi tupu. Kesho yake inarudi na viazi karai, au ndimu, au embe mbili kama ni msimu. Namkumbuka jirani aliyekuwa hana kitu kabisa, akarudisha sahani na mchaichai aliouchuma nyuma ya nyumba yake, na mamangu akaupokea kwa furaha ile ile ambayo angeipokelea biriani. Mimi niliyekuwa nikizibeba sahani hizo nisingeweza kukwambia nyumba gani ina uwezo na nyumba gani haina, maana kila mlango ulitoa na kila mlango ulipokea.

Wenye elimu watanisahihisha, lakini nijuavyo Mtume (SAW) alimwambia Abu Dharr akipika mchuzi azidishe maji, kisha awaangalie majirani zake. Maji! Hakumwambia achinje ng'ombe.

Sasa nieleze ninavyotaka. Kichochoro kimoja, au ghorofa moja, sufuria moja kubwa uani. Mwenye duka alete mchele au mbaazi. Mwenye shamba Kilifi alete mhogo. Mwenye mshahara anunue nazi. Kijana wa mkokoteni alete mitungi ya maji, na asidhani mchango wake ni mdogo: mji huu maji yake yanatoka Mzima, Marere, Baricho na Tiwi, na mfereji ukikauka siku tatu mnajua tunavyohangaika. Kupikia ni maji kidogo. Kuosha sufuria lenye ukoko ndiko kunakomaliza mitungi. Asiye na kitu alete mikono. Halafu magharibi ikikaribia kila nyumba ije na chombo chake, na yule aliyenunua nazi achote sufuria ile ile pamoja na wenzake. Hilo la mwisho ndilo msingi. Mtoaji asipokula chakula kile, tumerudi kule kule.

Mwaka jana tulijaribu siku za Ijumaa tu, uani kwa jirani mmoja. Yule mama mshona kofia hatukumwita aje kupokea. Tulimwomba asimamie nazi, kwa kuwa sisi wa siku hizi tumezoea tui la pakiti. Alikuja na mbuzi wake mwenyewe, wa mbao, umekoza weusi kwa miaka, akaukalia, akafunga kanga magotini na kuanza kukuna bila haraka, kifuu kinazunguka kiganjani mpaka kinabaki safi. Wasichana akawaonyesha kukamua kwa kifumbu: la kwanza liwekwe kando, lisiguswe; la pili na la tatu ndiyo ya kupikia. Saumu haikumruhusu kuonja. Aliinama juu ya sufuria, akanusa mvuke, akasema chumvi bado. Tukaongeza. Magharibi tulipoonja, wallahi ilikuwa imekaa sawasawa. Jioni ile alichota bakuli lake kama sisi sote, na Ijumaa iliyofuata hatukuwa na haja ya kumwita. Alikuwa wa kwanza kufika.

Nataka kusikia kwenu. Mitaa yenu inafanyaje? Na mnaona ugumu uko wapi?

Mwana Kisauni

Naunga mkono dada, ila wewe unaongea mambo ya Mji wa Kale ambako babu zenu walijuana. Huku kwetu ploti moja ina wapangaji kutoka kila pembe ya nchi. Wa mlango wa tatu anafanya zamu ya usiku bandarini, wa mlango wa nne amehama wiki jana, na wa tano hatujawahi hata kusalimiana. Sahani utampelekea nani?

Hata hivyo sisi vijana wa timu ya mpira tulianza na maji. Wakati wa shida ya maji tulikodi mkokoteni, tukawa tunawapelekea wazee wa ghorofa za juu, maana mzee wa miaka sabini hawezi kupandisha mtungi wa lita ishirini. Kwa njia hiyo ndipo tulipozijua nyumba: nani yuko peke yake, nani ana mgonjwa, nani amelala na njaa. Kwa hivyo ushauri wangu, kabla ya sufuria, mpite mlango kwa mlango mpeane salamu.

Jambo jingine ni shule. Ramadhani siku hizi inaangukia muhula wa kwanza, na vijana wanarudi nyumbani jioni wamechoka, wengine wana madrasa. Siku za wiki msiwategemee. Jumamosi na Jumapili tuko tayari kwa kazi yoyote.

Mama Tudor

Wanangu, nimesoma yote na nafurahi, lakini kuna neno halijasemwa. "Tupike, tupike." Nani?

Mwanamke ameamka saa tisa za usiku kupika daku. Amewatayarisha watoto wa shule. Kama ana kazi ameenda kazini na saumu yake, amerudi alasiri, ameingia jikoni kwake mwenyewe, na jiko la Februari ni tanuri. Sasa mnamwongezea sufuria la mtaa mzima. Magharibi ikilia, wanaume wameshaketi kwenye jamvi na tende mkononi, yeye bado anapakua. Nimeyaona haya miaka mingi, na katika hotuba ya shukrani hushukuriwa waliotoa pesa.

Binti wa Kibokoni, nia yako ni njema, mwanangu. Mimi sitaki futari ya mtaa ife. Nataka iandikwe kabisa kwamba kuwasha moto, kubeba maji, kukoroga na kuosha sufuria ni kazi ya wanaume. Sisi tutakuja kuwaelekeza na tutakuna nazi tukipenda.

Mpishi wa Majengo

Shikamoo mama. Maneno yako ni ya haki, na mimi ni mwanaume na ndiyo kazi yangu. Pilau za harusi mjini hapa, zile za sufuria zinazopinduliwa na watu wawili, zinapikwa na wanaume kwa kuni tangu zamani. Sijui ni kwa nini mwanaume anayepika kwa ujira harusini aone haya kupika kwa thawabu uani kwao. Watu watatu au wanne wakinifuata nitawafundisha.

Sasa niseme ya kazi, kwa sababu nia njema peke yake huchachisha chakula. Chakula cha nazi na joto la kaskazi ni maadui. Mbaazi mkizipika saa sita mchana mkazitia tui zito, mkafunika na kuziacha hapo, kufika magharibi zimeanza kuchacha na mtu ataumwa na tumbo. Zilowekeni usiku. Zichemsheni mchana kwa maji matupu mpaka ziive ziwe laini. Hapo zinaweza kungoja. Tui jepesi litiwe baada ya alasiri pamoja na kitunguu, pilipili na manjano, na tui zito liwe la mwisho kabisa, saa kumi na moja na nusu, moto umepunguzwa, mnakoroga polepole lisikatike. Magharibi yetu Februari ni kama saa kumi na mbili na dakika arubaini. Mna saa nzima ya kupakua bila kugombana.

Mhogo nao usioshwe tu. Upasueni katikati, mtoe ule mzizi, na ukiwa mchungu tupeni, msijaribu kuufunika kwa sukari.

Msipike biriani. Nasema kwa heshima, mimi biriani ndiyo inayonilisha. Biriani inamaliza pesa ya wiki kwa siku moja, na ile siku ya pili mtaa unakula tende. Mbaazi, mhogo, ndizi mbichi za nazi, uji, maharagwe. Vyakula hivi hakuna nyumba itakayoona haya kuvirudishia sahani.

Na vyombo: kila mtu aje na hotipoti au bakuli lake. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na vile vibakuli vya kutupa vinaishia kwenye mitaro, mvua ikija vinatuzibia.

Mtu wa Nyali

Mimi nina maoni tofauti, msinichukulie vibaya. Heshima kubwa kuliko zote ni pesa ya simu. Namtumia mtu M-Pesa, hakuna aliyeona, hakuna foleni, hakuna picha. Ananunua anachotaka. Pengine shida yake si futari, ni kodi ya nyumba au dawa ya sukari. Kwa nini nimlazimishe mhogo?

Binti wa Kibokoni

Mtu wa Nyali, hoja yako ni nzito na siipingi. Kodi hailipwi kwa mhogo. Ukijua nyumba yenye shida ya dawa, tuma, na usimwambie hata mkeo. Mtaani kwetu wapo wanaofanya hivyo na ndio wanaoshikilia nyumba kadhaa zisivunjike.

Lakini pesa ya simu haina jirani. Yule mama mjane ukimtumia, atanunua unga, atapika, na adhana ikilia atafuturu peke yake na bintiye mbele ya televisheni. Kilichomrudisha kwetu ni ule mbuzi wake. Alihitajiwa. Mtu anayehitajiwa na watu wake hufungua mlango asubuhi, akiumwa hujulikana siku hiyo hiyo, na mtoto wake akikosa karo huwa kuna wa kumwambia.

Tazama hata zaka ya fitri ilivyowekwa. Pishi moja, vibaba vinne vya chakula kwa kila kichwa, mtoto mchanga na mzee, na inatolewa kabla ya sala ya Idi. Anaiwajibika hata mtu wa kawaida kabisa, mradi ana ziada ya chakula cha siku ile na usiku wake. Mwenye kupokea pishi kwa mkono mmoja pengine naye akatoa pishi kwa mwingine. Huo ndio mwenendo ninaoutaka uani.

Mama Tudor, nimekusikia. Nitaandika utaratibu na kazi za wanaume zitakuwa juu kabisa. Shukrani zitasomwa kwa mikono iliyofanya kazi, na pesa zitashukuriwa faraghani.

Jirani wa Changamwe

Mimi ni Mkatoliki, niruhusuni niseme. Mwaka huu wa 2026 Jumatano ya Majivu ni tarehe 18 Februari, karibu sawa kabisa na kuanza Ramadhani. Kwaresima yetu inakwenda mpaka Pasaka, tarehe 5 Aprili. Maana yake mwezi mzima mlango wangu na mlango wa jirani yangu Mwislamu, sote tuko kwenye mfungo, kila mmoja na namna yake.

Sahani anazozungumzia dada nazijua. Nilipohamia hapa na watoto wadogo, sikujua mtu. Jioni ya kwanza ya Ramadhani mtoto aligonga mlango na sahani ya mahamri. Nilishangaa, nikamwambia sisi hatufungi. Akasema, "Mama anajua." Krismasi ilipofika nilipika chapati na kuku nikampelekea mamake, na kabla ya kupika nilimwomba mwanawe wa kiume aje anichinjie kuku wenyewe, ili wale bila wasiwasi. Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Disemba wengi wetu tukipanda mabasi na treni kwenda bara, funguo zangu nawaachia wao, wananimwagilia mchicha.

Kwa hivyo kwenye kikoa chenu msitusahau. Kanisani kwetu kuna akina mama wa jumuiya ndogondogo ambao Kwaresima huchanga kwa ajili ya wahitaji. Sufuria kubwa tunazo, na siku hizo hazina kazi. Mkitaka kuazima mtakuta zimeoshwa, na hazijapikiwa nguruwe wala hazitapikiwa.

Mzee wa Kuze

Wanangu, mnazungumza vizuri. Niongeze la watu wazima.

Mji huu tangu zamani haukuwa na kikundi kilichosajiliwa cha kuzikana. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri keshazikwa. Hawa wamechimba, hawa wameshughulikia sanda, hawa wamechota maji ya kuoshea maiti, na nyumba ya wafiwa haiwashwi moto. Chakula kinatoka kwa majirani. Mtume mwenyewe, habari ya kuuawa Jaafar ilipofika Madina, aliamrisha watu wa Jaafar watengenezewe chakula. Hapakuwa na daftari la waliochangia. Asiyefika mazikoni bila udhuru alijulikana, akaulizwa, akajirekebisha.

Hata sherehe zilikuwa hivyo hivyo. Siku ya Mwaka, ule mwaka wa jua unaohesabiwa kwa miongo, yaani makumi ya siku, na ambao wavuvi na wakulima waliufuata kujua pepo na mvua, katika miji ya Waswahili ng'ombe alizungushwa mji kwa dua kisha akachinjwa, na nyama ililiwa na watu wote waliopo, mwenyeji na mgeni. Ng'ombe yule alichangiwa na mitaa. Mtaa uliokuwa hauna pesa ulileta kuni na wapishi.

Ushauri wangu kwenu ni huu. Mwisho wa Shaaban watu huvunja jungu. Wengine huenda ufuoni, wengine hupika majumbani. Mwaka huu mvunje jungu pamoja, uani pale pale mtakapopikia. Kila nyumba ilete chakula chake siku hiyo, mle, mwombane radhi mnaokoseana, kisha mpange zamu mkiwa mmeshiba na mnatazamana. Zamu zinazopangwa kwenye simu hazina haya. Mtu anaandika "nipo" na hayupo.

Na msiwasahau waadhini na walinzi wa usiku. Magharibi inawakuta kazini.

Kijana wa Mikindani

Mzee, Mungu akuweke. Hilo la waadhini na walinzi nimelichukua.

Swali langu: Idi ikishapita sufuria linarudi stoo na kikundi kinakufa? Huku kwetu kwenye hori la Tudor tunapanda mikoko. Watu hudhani mpaka uwe na kitalu na mfadhili. Mkoko mbegu yake huota ikiwa bado mtini, ndefu kama kalamu kubwa. Inaanguka, unaiokota, unaichomeka topeni maji yakiwa yamekupwa. Kazi ni kujua maji. Bamvua maji hutoka mbali ukapata nafasi ya kutembea, lakini ukichelewa yanarudi kwa kasi yakang'oa ulichopanda jana. Wavuvi wazee ndio wanaotupangia siku. Hawajawahi kutudai kitu, na sisi tukiwa na samaki wa kupaka tunawabakishia.

Pendekezo: watu wale wale wa sufuria, baada ya Idi, wazibue mitaro kabla ya masika. Aprili na Mei mvua ikija Kisauni na Changamwe maji yanaingia vyumbani, na nusu ya tatizo ni taka. Mmeshajuana na zamu mnazo. Mnabadilisha mwiko kwa koleo.

Mwana Kisauni

Koleo tunazo za kutosha. Na wavulana wako tayari, nimeshawauliza.

Hivi mmeangalia kalenda? Kila mwaka Ramadhani inarudi nyuma kama siku kumi na moja. Mwaka 2030 tutafunga mara mbili, Januari na tena mwisho wa Disemba, na miaka inayofuata itakuwa ndani ya likizo ndefu ya shule. Hawa wadogo wanaobeba sahani leo ndio watakaokuwa vijana wenye nguvu wakati huo, wako nyumbani, hawana mtihani. Tukiwazoesha sasa, miaka ile futari ya mtaa itajiendesha.

Mama Tudor

Wasichana na wavulana, wote. Mvulana wangu mdogo nimeanza kumfundisha kupika tambi na kuosha alichokitumia. Analalamika, lakini anaosha.

Mtu wa Nyali

Nimesoma tena. Nitaendelea kutuma kimya kimya kama nilivyozoea. Lakini nazi za Ijumaa zote niachieni mimi, na nitakuja na bakuli langu. Nani wa kunielekeza kichochoro?

Binti wa Kibokoni

Karibu sana kaka yangu, ukifika Ngome ya Yesu uliza Kibokoni, ukisikia harufu umefika. Nitakutumia maelekezo faraghani.

Nimeandika haya kwa ajili ya kichochoro chetu, na mtaa wowote ukitaka uyachukue. Tutapika Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, siku nyingine kila nyumba na sahani zake. Moto, maji, kukoroga na kuosha ni wanaume, chini ya Mpishi wa Majengo kwa wiki ya kwanza, na ameshakubali. Mbaazi zinalowekwa usiku wa kuamkia siku yenyewe kwa nyumba ya zamu. Nazi ni kwa mama yetu mshona kofia na wasichana anaowachagua yeye. Picha hazipigwi uani, hata ya sufuria. Bakuli za waadhini na walinzi zinatolewa kwanza, kabla ya mtu yeyote kuchota, na watoto ndio watakaozipeleka. Vunja jungu tutafanya pamoja Jumapili ya mwisho ya Shaaban, kama alivyotuambia mzee, baada ya sala ya alasiri. Jirani wa Changamwe, tutakuja kuazima sufuria mbili, na wewe na watoto mje siku hiyo mle nasi.

Baada ya Idi, Jumamosi ya pili, tunaingia mitaroni. Kijana wa Mikindani atuambie siku ya bamvua inayofaa tuje kuwasaidia na mikoko, tuanze na watu wachache ili tusikanyage walivyopanda.

Tunachokosa mpaka sasa ni mwiko mrefu wa mbao, magunia mawili ya kuni kavu, na mtu mwenye mkokoteni anayeweza kufika kabla ya saa tisa alasiri. Aliye nacho aandike hapa chini.